2,147,483,647: kwa nini namba hii ni tasa, na Euler alijuaje bila kompyuta?

Kipeuo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa namba moja tu: 2,147,483,647. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Aliyewahi kuunda mfumo wowote wa kompyuta anaifahamu, maana ndiyo kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye nafasi ya biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 au 1) inayobeba chanya na hasi. Kwa hiyo mtandaoni utaikuta inasimuliwa kama kikomo, basi. Mimi nataka tuiangalie kama namba. Ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na utasa wake ulitangazwa mwaka 1772 na mzee wa miaka 65 aliyekuwa karibu amepofuka kabisa. Huyo ni mwanahisabati Leonhard Euler, wakati huo akiishi St. Petersburg, Urusi. Kikokotoo hakuna. Kazi ambayo kwa njia ya kawaida ingemtaka agawanye mara karibu 4,800 aliipunguza ikabaki ya mara themanini na kitu. Namna alivyoipunguza ndiyo iliyonifanya nifungue uzi, na nitaieleza hatua kwa hatua ili kila mwenye simu aweze kuifuata.

Kwanza asili yake. Chukua 2, izidishe yenyewe hadi ziwe 2 thelathini na moja, halafu toa 1. Kwa kifupi 2^31 − 1. Ukiiandika kwa 0 na 1 kama kompyuta inavyoandika, ni moja 31 zimepangana bila sifuri hata moja.

Namba za umbo hili, 2^p − 1, zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Alisema hadi kufikia 257, vipeo (yaani zile p) vinavyotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Orodha ilikuwa na kasoro tano: 67 na 257 hazistahili kuwemo, na 61, 89 na 107 zimesahauliwa. Lakini 31 ilikuwa sahihi. Kabla yake Pietro Cataldi wa Bologna, katika kitabu cha 1603, alikuwa amethibitisha 17 na 19 kwa kugawanya moja moja, kisha akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinafaa. Katika hizo nne ni 31 peke yake iliyosalimika. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliziangusha 23 na 37 mwaka 1640, Euler akaiangusha 29 mwaka 1738.

Angalieni hilo kwa makini. Namba nne zinafanana umbo, zimedaiwa na mtu mmoja, tatu ni za uongo. Hapo ndipo unaona kwamba kusema "2^31 − 1 ni tasa" kunahitaji uthibitisho wa kweli.

Naweka mkeka. Maswali karibu.

---

Seva ya Ubungo

Mkuu umenikumbusha mbali. Kuna mahali niliitwa kusaidia mfumo wa wateja, wanalalamika ujumbe hauwafikii watu. Nafungua jedwali la wateja, safu ya simu, naona 2147483647, chini yake 2147483647, chini yake tena hiyohiyo, maelfu ya watu wana namba moja ya simu! Aliyetengeneza aliweka safu ya simu iwe namba nzima ya biti 32. Namba zetu ukizianza na 255 zina tarakimu 12, yaani bilioni mia mbili hamsini na zaidi. Haziingii. Na hifadhidata ile ilikuwa imewekwa kwenye hali ya kutokuwa kali, kwa hiyo badala ya kukataa, kila namba iliyozidi iliikata na kuweka kikomo. Namba halisi za wateja zilikuwa zimepotea, ikabidi zitafutwe upya kwenye fomu za karatasi.

Wadogo zangu mnaoanza: simu hifadhini kama maandishi. Simu haijumlishwi wala haitolewi, na sifuri ya mbele mtaihitaji.

Ila swali langu: kwa nini ni 2^31 − 1 wakati biti ni 32?

---

Kipeuo

Asante sana Seva, na huo ushauri wa simu usomwe na kila mtu.

Jibu: biti moja kati ya 32 inatumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Zinabaki 31 za kubeba ukubwa. Zote zikiwa moja unapata 2^31 − 1. Upande wa hasi unafika −2,147,483,648, mmoja zaidi, kwa sababu sifuri imekaa upande wa chanya.

Na hapa kuna jambo ninalolipenda. Kikomo cha biti 32 kuwa namba tasa ni bahati ya hesabu, kwa sababu 31 ni tasa na ni mojawapo ya vipeo vinavyokubali. Kikomo cha biti 64 ni 2^63 − 1, yaani 9,223,372,036,854,775,807, na hiyo si tasa hata kidogo. Inagawanyika kwa 7 mara mbili, kwa 73, kwa 127, kwa 337, kwa 92,737 na kwa 649,657. Ukiona 63 ni 7 × 9 unajua mapema: kipeo kikiwa na vigawo, namba yenyewe nayo inavyo. 2^7 − 1 ni 127, na 127 umeiona kwenye hivyo vigawo hapo juu. Ndiyo maana tunahangaika na vipeo tasa peke yake.

---

Mdadisi wa Pwani

Samahani mleta uzi, sijasoma hesabu zaidi ya sekondari. Kujua kama namba ni tasa si unagawanya tu kwa kila namba mpaka ufike nusu yake? Hizo 4,800 zimetoka wapi, na themanini zimetoka wapi?

---

Kipeuo

Swali zuri na ndilo kiini chenyewe, ndugu yangu. Twende taratibu.

Huna haja ya kufika nusu. Namba ikigawanyika, basi ni zao la mbili, na moja kati ya hizo lazima iwe ndogo kuliko kipeuo cha pili au sawa nacho. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushee. Tena hugawanyi kwa kila namba, unagawanya kwa tasa tu. Namba tasa zilizo chini ya 46,341 ni karibu 4,800. Hiyo ndiyo njia ya Cataldi, na ndiyo ingekuwa kazi ya miezi.

Sasa njia ya Euler. Yeye aliuliza kwanza: kama kuna namba tasa q inayoigawa 2^31 − 1, hiyo q itakuwa na sura gani?

Kama q inaigawa 2^31 − 1, maana yake 2^31 ukiigawa kwa q inabaki 1. Sasa vipeo vya 2 ukivigawa kwa namba tasa yoyote ya witiri, mabaki yake yanazunguka. Mfano 7: 1 inabaki 1, 2 inabaki 2, 4 inabaki 4, 8 inabaki 1, 16 inabaki 2, 32 inabaki 4, 64 inabaki 1. Mzunguko una hatua 3. Kwa q yetu, baada ya hatua 31 tumerudi kwenye 1, kwa hiyo urefu wa mzunguko lazima uigawe 31. Lakini 31 ni tasa! Urefu ni 1 au ni 31, na 1 haiwezekani. Basi ni 31.

Upande mwingine, Fermat alishagundua kwamba kwa namba tasa yoyote q isiyokuwa 2, 2^(q−1) ukigawa kwa q inabaki 1. Jaribu na 7: 2^6 ni 64, toa 63 inabaki 1. Kwa hiyo mzunguko wa hatua 31 lazima uigawe q − 1. Na q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa. Ukiunganisha: q − 1 inagawanyika kwa 62.

Hapo tayari umetupa namba tasa nyingi mno. 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, zote nje bila kugawanya hata mara moja. Unaruka 62, 62, 62.

Kuna chujio la pili: q ukiigawa kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. Nitalieleza mtu akitaka. Ukiweka machujio mawili pamoja, katika kila hatua nne za 62 zinabaki mbili, na q lazima iwe na umbo la 248k + 1 au 248k + 63. Ndivyo Euler mwenyewe alivyoandika katika barua kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli.

Namba za maumbo hayo chini ya 46,341 ni 373 tu, za kwanza 186 na za pili 187. Humo ukitoa zisizo tasa zinabaki themanini na kitu.

Hebu tuone za mwanzo: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, 1303, 1489, 1551, 1737, 1799, 1985, 2047, 2233, 2295, 2481, 2543. Pitia uone: 63 ni 9 × 7, 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 1241 ni 17 × 73, 2047 ni 23 × 89. Tasa humo ni nne tu: 311, 1303, 1489 na 2543. Yaani hadi kufika 2,543 una kazi ya kugawanya mara nne.

Gawanyeni kwenye simu:

311 × 6,905,092 = 2,147,483,612. Inabaki 35.
1303 × 1,648,107 inaacha baki 226.
1489 × 1,442,232 inaacha baki 199.

Hazigawi. Endelea hivyo hadi 46,340 na hakuna itakayogawa. Hapo unaweka kalamu chini ukiwa na uhakika kamili.

---

Mwalimu Chaki

Mleta uzi amefanya kazi nzuri sana. Mimi nafundisha hesabu na ningependa kuongeza mfano mmoja, kwa sababu mwanafunzi akiona chujio halijanasa kitu anaweza kudhani halinasi kamwe.

Chukueni ile 29 ya Cataldi. 2^29 − 1 = 536,870,911. Kwa hoja ileile, q − 1 lazima igawanyike kwa 58, na q ikigawanywa kwa 8 ibaki 1 au 7. Maumbo yanakuwa 232k + 1 na 232k + 175. Andikeni za mwanzo: 175 siyo tasa, inaishia na 5. Inayofuata ni 233. Hiyo ni tasa. Gawanyeni: 536,870,911 ÷ 233 = 2,304,167 kamili, hakuna baki!

Jaribio la kwanza kabisa. Cataldi aliyedai ni tasa hakuwa na chujio hili. Na vigawo vingine viwili, 1103 na 2089, navyo vinatii: 1103 ni 232 × 4 + 175, na 2089 ni 232 × 9 + 1.

Kwa 23 ni rahisi zaidi, unaruka 46: 47 inagawa 8,388,607 na kutoa 178,481. Kwa 37 unaruka 74: 223 ni 74 × 3 + 1, nayo inagawa.

Huwa nawapa vijana wa kidato cha tatu 23 kwanza wafanye wenyewe, halafu 29. Wakishaona 233 inagawa bila baki, darasa zima linataka kujua chujio limetoka wapi, na hapo somo la mabaki linaingia bila kulazimisha.

---

Binti Witiri

Mimi nadai lile chujio la 8. Umesema utaeleza mtu akitaka, nataka.

---

Kipeuo

Haki yako dada.

2^31 ukigawa kwa q inabaki 1. Zidisha kwa 2: 2^32 inabaki 2. Lakini 2^32 ni 65,536 × 65,536, yaani ni namba mraba. Kwa hiyo ipo namba mraba ambayo ukiigawa kwa q inabaki 2.

Si kila namba tasa inakubali hilo. Kwa 7 inakubali: 3 × 3 = 9, baki 2. Kwa 17: 6 × 6 = 36, baki 2. Kwa 23: 5 × 5 = 25, baki 2. Sasa jaribu 11. Miraba yote ukiigawa kwa 11, ukiacha inayogawanyika kamili, inabaki 1, 4, 9, 5 au 3. Hakuna 2, hata upande hadi milioni. Kwa 3, 5 na 13 ni vivyo hivyo. Kanuni ni kwamba miraba yenye baki 2 inapatikana kwa tasa zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabaki 1 au 7. Uthibitisho wa kanuni hiyo ni mrefu kidogo, upo kwenye kila kitabu cha nadharia ya namba, lakini ukijaribu na tasa kumi za kwanza utaiona mwenyewe.

Sasa angalia kilichotokea kwenye hatua za 62. Ukianza na 1 unapata 1, 63, 125, 187, halafu 249 na kuendelea. Zigawe kwa 8: zinabaki 1, 7, 5, 3. Ya tatu na ya nne zinaanguka. Ndiyo maana tunabaki na 248k + 1 na 248k + 63.

---

Binti Witiri

Nimeelewa. Nimejaribu na 31 yenyewe: 8 × 8 = 64, baki 2. Na 31 ukigawa kwa 8 inabaki 7. Imekubali. Nimejaribu na 19 nimekosa kabisa, na 19 inabaki 3. Ahsante.

---

Mzalendo wa Kweli

Wakuu naheshimu uzi, lakini niulize kwa nia njema. Faida yake nini? Tujue ni tasa, tusijue, kompyuta itafanya kazi vilevile.

---

Kipeuo

Ni swali la haki mkuu, na lina historia yake. Ukiizidisha namba yetu kwa 2^30 unapata 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni namba kamilifu, maana ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe unairudia yenyewe, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3 na 28 ilivyo 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Ni ya nane katika mfuatano wa namba kamilifu. Kanuni ya kuziunda ni ya Euclid wa Ugiriki ya kale: kila 2^p − 1 iliyo tasa inazaa namba kamilifu moja. Mwaka 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabisha tu na hazina matumizi, hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Watu walijisumbua. Rekodi ya Euler ya namba tasa kubwa inayojulikana ilikaa miaka mingi, lakini ikapitwa, na mwaka 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa akathibitisha 2^127 − 1, yenye tarakimu 39. Leo kubwa inayojulikana ni 2^136,279,841 − 1, iliyopatikana Oktoba 2024 na Luke Durant kupitia GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kutafuta tasa za Mersenne. Ina tarakimu 41,024,320.

Matumizi pia yapo, na ya namba yetu hii hasa. Kompyuta ikitakiwa kutoa namba za bahati nasibu, njia moja maarufu, waliyoipendekeza Park na Miller mwaka 1988 wakijenga juu ya wazo la Lehmer, ni hii: chukua namba uliyonayo, zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, baki ndiyo namba yako mpya. Anza na 1: unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, halafu 984,943,658. Zinaonekana hazina mpangilio. Na zitapita kwenye kila namba kutoka 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, kabla ya kurudia. Mzunguko huo mzima hauwezekani bila utasa. Namba ile isingekuwa tasa, zipo ambazo zisingefikiwa kamwe. Mwenye programu yake ajipime: kuanzia 1, baada ya hatua 10,000 lazima uone 1,043,618,065.

---

Seva ya Ubungo

Nimeendesha sasa hivi. Hatua ya 10,000 imetoka 1043618065. Safi kabisa.

Mkuu usiache na ile ya 2038.

---

Kipeuo

Kweli, hiyo tuipitie kwa haraka. Mifumo mingi inahesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970. Sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68 na siku kadhaa. Zinatimia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, na kwa saa za Afrika Mashariki ni saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Mfumo wa biti 32 ambao haujarekebishwa, sekunde inayofuata utahesabu −2,147,483,648 na kuamini ni Desemba 13, 1901. Mifumo ya biti 64 iko salama. Ninachoangalia mimi ni vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani au kwenye mashine miaka mingi, ambavyo hakuna anayekumbuka kuvigusa. Mwenye navyo kazini kwake aanze kuviorodhesha mapema.

Mwaka 2014 YouTube nao walipanua kihesabio chao cha watazamaji kwenda biti 64 kwa sababu video ya mwanamuziki PSY wa Korea Kusini ilikuwa inaelekea kuipita namba hii.

---

Mwalimu Chaki

Naomba kuwaonyesha na majirani zake, maana wanafunzi wangu hupenda sana hapa. Tasa imekaa katikati ya namba zilizojaa vigawo.

2,147,483,646 = 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331.
2,147,483,649 = 3 × 715,827,883, na hiyo ya pili ni tasa.

Na 2,147,483,648 iliyoko katikati ni 2 peke yake, mara 31. Tazameni ile ya kwanza ilivyovunjika vipande vidogo vidogo, ilhali ukiongeza moja tu huwezi kupasua tena.

Nyingine ya kuongezea kwenye orodha ya Mersenne: ile 67. Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2^67 − 1 si tasa, bila kutoa kigawo hata kimoja. Kigawo kilikuja mwaka 1903, Frank Nelson Cole alipokionyesha kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani, New York: 193,707,721 × 761,838,257,287. Na chujio la uzi huu linafanya kazi hata hapo. 193,707,720 ukigawa kwa 134 unapata 1,445,580 kamili.

---

Mdadisi wa Pwani

Mwalimu, umesema Lucas alijua si tasa bila kigawo. Hilo linawezekanaje?

---

Mwalimu Chaki

Kuna kipimo chake, baadaye kikaboreshwa na Lehmer. Nikuonyeshe kwa 2^7 − 1, yaani 127, ufanye kwa mkono. Anza na 4. Kila hatua: zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa 127, chukua baki. Hatua ni p − 2, kwa hiyo hapa ni 5.

4 inakuwa 14.
14 inakuwa 194, baki 67.
67 inakuwa 4,487, baki 42.
42 inakuwa 1,762, baki 111.
111 inakuwa 12,319, na hiyo ni 127 × 97 kamili. Baki 0.

Ukiishia kwenye 0, ni tasa. Ukiishia kwenye kitu kingine chochote, si tasa, hata kama kigawo hukijui. Kwa 2,147,483,647 ni hatua 29 tu. Kipimo hiki ndicho kilichothibitisha rekodi nyingi za Mersenne, na ile ya 2024 pia ilipitishwa humo.

---

Binti Witiri

Swali la mwisho kwa mleta uzi. 31 yenyewe ni 2^5 − 1. Kwa hiyo namba yetu ni Mersenne juu ya Mersenne. Je, tukiendelea? Tuichukue 2,147,483,647 yenyewe iwe kipeo?

---

Kipeuo

Dada umegusa mahali pazuri sana. Mwanzoni inakubali: 3 inatoa 7, 7 inatoa 127, 31 inatoa namba yetu, na 127 inatoa ile ya Lucas ya tarakimu 39. Nne mfululizo, zote tasa. Mtu angeweza kuamini ni kanuni. Kisha 8,191, ambayo ni 2^13 − 1, inakataa: 2^8191 − 1 si tasa.

Na unayouliza, 2^2,147,483,647 − 1, ni jitu lenye tarakimu zaidi ya milioni 646. Hakuna atakayeligawa kwa njia ya kawaida. Lakini mwaka 1983 Guy Haworth alipata kigawo chake: 295,257,526,626,031.

Lipitishe kwenye machujio yetu mawili. Toa 1, gawa kwa 2,147,483,647: unapata 137,490 kamili, na ni shufwa. Chujio la 8: angalia tarakimu tatu za mwisho tu, 031, gawa kwa 8, inabaki 7. Imepita kote kuwili. Haworth hakuhitaji kujaribu kila namba, alitafuta ndani ya foleni ileile ambayo Euler aliichora mwaka 1772, ila badala ya kuruka 62 unaruka 4,294,967,294.

Inayofuata katika mstari huo ni ile yenye kipeo 2^61 − 1, yaani 2,305,843,009,213,693,951. Hiyo ni kubwa mno hata kwa kipimo cha Lucas na Lehmer. Kinachobaki ni kutafuta kigawo kwa machujio haya, na hadi sasa hakijapatikana.